Mbwa wa Baba na Paka wa Jirani

Tulipomaliza kumzika baba, tuligawana vitu vyake bila kugombana. Kaka yangu alibaki na nyumba na shamba, maana ndiye aliyekuwa akiishi pale kijijini, mwendo wa saa moja kutoka Iringa mjini. Dada yangu alichukua redio na cherehani ya marehemu mama. Mimi nilipewa koti zito ambalo baba alilivaa kila asubuhi ya baridi tangu nikiwa mtoto. Aliyebaki bila mwenyewe alikuwa mbwa.

Alikuwa amelala nyuma ya jiko, kidevu chini, na ugali aliowekewa jana yake umekaukia kwenye sufuria. Mbwa wa rangi ya kahawia, mrefu wa miguu, sikio la kushoto limechanika. Kaka alisema angekaa naye, ila mke wake anaogopa mbwa tangu alipoumwa utotoni. Dada anaishi chumba kimoja cha kupanga. Nikajisikia nikisema kwamba nitakwenda naye Mbeya. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni yangu. Alikohoa kidogo, akatazama viatu vyake, hakusema neno. Ndivyo alivyo: akikubali hasemi, na akikataa pia hasemi, mpaka umsome mwenyewe.

Basi lilikataa kumpakia mbwa. Mume wangu ni seremala, ana karakana yake Mbalizi, na anafahamiana na madereva wanaoleta mbao kutoka Mafinga. Alimpigia mmoja simu. Kwa hiyo mimi na mbwa tulisafiri mbele kwenye lori la mbao, mume wangu akapanda basi na mabegi. Dereva aliniuliza mara moja tu kama mbwa huyu anauma. Nikamwambia sijui, na kweli sikuwa najua. Aliendesha akiwa ameegemea mlango wake mpaka Makambako. Baada ya hapo mbwa aliweka kichwa juu ya miguu yangu akalala. Tulipofika Chimala miguu ilikuwa imekufa ganzi na sikuisogeza. Msibani sikupata nafasi ya kulia, nilikuwa napika na kupokea watu. Nililia pale, kwenye lori, mashamba ya mpunga yakipita dirishani. Dereva aliongeza sauti ya redio kidogo. Sijui yuko wapi siku hizi, lakini nilimshukuru moyoni na bado namshukuru.

Tunaishi Ilomba tangu nilipohamishiwa huku kufundisha shule ya msingi. Nyumba yetu na ya jirani zimetenganishwa na ua wa michongoma usiofika kifuani. Jirani huyo ni mama wa miaka sitini na kitu, mjane, watoto wake wameshaondoka wanajitegemea. Ni Msukuma, wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini mpaka bonde la Usangu yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na alikulia huko. Baadaye alihamia mjini akafungua duka la mchele kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Magunia yamepangwa mpaka karibu na dari, na harufu ya mchele mpya inavuka mpaka kwangu.

Habari ya kifo cha baba ilipofika, yeye ndiye mtu wa kwanza kuingia kwangu. Alikuja na mfuko wa mchele wa kwenda nao msibani, akakaa nami kwenye mkeka, hakuniambia nijikaze wala nisilie. Alinifungia begi. Miaka yote tuliyokaa pamoja alikuwa amejifunza kwangu salamu ya kwetu ya Kihehe, na kila asubuhi aliniita juu ya michongoma, "Kamwene, mwalimu," nami nikamjibu kwa ile ya kwao, "Mwangaluka, mama." Vilugha vyetu viliishia hapo, lakini vilitutosha kuianza siku.

Alikuwa na paka watatu. Mmoja dume la rangi ya chungwa, mmoja mdogo mweusi, na mmoja bibi kizee mwenye madoa ya kijivu na meupe, ambaye ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Mtu akimuuliza kwa nini anafuga paka wengi hivyo, alijibu, "Hao ni wapangaji wangu. Kodi yao ni panya."

Mbwa wa baba alifika Ilomba saa kumi jioni. Kabla ya saa kumi na moja alikuwa amempandisha yule dume juu ya mparachichi wangu, na yule mweusi juu ya bati.

Lazima nieleze mbwa huyu alikotoka. Kule shambani kazi yake ilikuwa moja, kufukuza. Tumbili wakiingia kwenye mahindi, anafukuza. Nguchiro akinyemelea kuku, anafukuza. Chochote kidogo chenye mkia kilichokimbia mbele yake kilikuwa halali yake, na akikifukuza mpaka mpakani baba alimpigapiga ubavuni na kumpa kipande cha nyama. Tena baba hakumpa jina. Alimwita kwa mluzi wa vidole viwili: mfupi ni njoo, mrefu unaoshuka ni acha. Mimi siwezi kupiga mluzi. Tulipokuwa wasichana tuliambiwa mluzi si wa mwanamke, nikatii, na kutii huko kulinigharimu ukubwani. Nilimwambia mbwa njoo, nikamwambia acha, nikamwambia wewe, na yeye alinitazama kwa adabu kama mgeni asiyejua lugha.

Mume wangu alinunua mnyororo. Mbwa akifungwa alilia mchana kutwa mimi nikiwa shuleni, na watu wa mtaani wakaanza kunisimamisha njiani. Wengine walilalamika kweli, wengine walinitania kama Wahehe wote tunavyotaniwa kwamba tunakula mbwa, eti kama nimeshindwa kumfuga nimpeleke jikoni. Nilicheka nao, maana utani usiouchekea hukuzidi nguvu. Lakini nikifika nyumbani nilikaa kwenye ngazi karibu na mbwa, nimevaa koti la baba, na yeye alinusa mikono ya lile koti mmoja baada ya mwingine.

Jirani alivumilia. Kila nilipomwomba radhi alisema mnyama mgeni ana haki ya kupewa muda. Nikakaa nikitumaini muda utafanya kazi peke yake.

Haukufanya. Jumamosi moja ya mwezi wa sita, asubuhi ya baridi kali, jua ndiyo kwanza linapasua ukungu, jirani alikuwa upande wake ametandika turubai akianika mchele. Mimi nilikuwa nafua. Nilikuwa nimemfungua mbwa ale, nikidhani akiwa na chakula mbele yake hatajali kitu kingine. Yule paka bibi alishuka ukutani kuja kunywa maji kwenye beseni langu, kama alivyozoea kabla mbwa hajaja. Sikumwona akishuka. Nilisikia tu kilio, na nilipogeuka mbwa alikuwa tayari amembana mgongoni.

Nilimmwagia maji ya sabuni. Nilimvuta ngozi ya shingo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Hakumwachia.

Kisha ukaja mluzi. Mrefu, wa kushuka, umetoka upande wa michongoma. Mbwa aliachia papo hapo, akakaa kitako, masikio mbele. Na mimi, niseme ukweli, niligeuka kumtafuta baba. Nilimtafuta kwa macho kabisa, mikono inachuruzika povu.

Alikuwa jirani, vidole viwili bado viko mdomoni.

Alizunguka akaingia kwa geti langu, akapiga magoti, akamfunga paka kwenye kitenge chake. Alisema kitu kimoja tu: "Mfunge mbwa wako, mwalimu."

Tulikodi bajaji mpaka karibu na Mwanjelwa, kwa daktari wa mifugo mwenye chumba nyuma ya duka la dawa za kuku na ng'ombe. Paka alikuwa kwenye tenga, tenga liko mapajani mwa mwenyewe, mimi nimebanwa pembeni. Daktari, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, alisema mguu wa nyuma umevunjika na jeraha la mgongoni linahitaji kushonwa. Atapona, alisema, ila atachechemea, na asitegemewe tena kuwinda kama zamani. Halafu akauliza kama mbwa amechanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Sikujua. Ndipo jirani aliponitazama kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani, na lile jicho sitalisahau. Halikuwa la hasira, lilikuwa la hofu. Alikuwa amemshika paka yule kwa mikono yake, damu na mate ya mbwa juu ya vidole.

Nilitoka nje nikasimama kati ya mifuko ya chakula cha kuku, nikampigia kaka. Nilimwambia atafute kadi ya chanjo, kama ipo. Alisema hajawahi kuiona. Nikamwambia atafute popote, kwenye makaratasi ya pembejeo, chini ya godoro, kokote. Nilisubiri nikiwa nimeegemea ukuta, nikiomba. Baada ya nusu saa ilifika picha kwenye simu. Kadi ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, ambacho baba alikwenda nacho ibadani kila Jumapili, mbwa akimsubiri nje mlangoni. Mihuri ilikuwa imejaa, mwaka baada ya mwaka, wa mwisho umegongwa miezi michache kabla hajafariki, wakati ambao sisi watoto wake tulidhani hawezi tena hata kutembea mpaka ofisi ya kijiji. Na mahali pa kuandika jina la mbwa, kwa mwandiko wake ulioanza kutetemeka, baba alikuwa ameandika: Wangu.

Daktari aliisoma, akatabasamu, akasema chanjo bado haijaisha, tusiwe na wasiwasi. Jirani alishusha pumzi na kwenda kunawa mikono mara ya pili. Mimi nilibaki nimeishika simu. Nimepokea mambo mengi mazuri kutoka kwa baba akiwa hai, lakini wema ule mmoja alinifanyia akiwa kaburini.

Nilifikiri baada ya hapo mambo yatatulia. Ukweli ni kwamba siku zilizofuata ndizo zilizoniuma zaidi. Asubuhi ya Jumapili jirani alinisalimia, "Habari za asubuhi, mwalimu." Jumatatu vilevile. Kamwene ilikuwa imekwisha. Hakunitukana, hakupeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa, hakumwambia mtu yeyote. Alinisalimia kwa heshima kama anavyowasalimia wateja asiowafahamu, na mimi nikaingia ndani na kufunga mlango taratibu.

Lile dume la rangi ya chungwa lilihama. Nililiona kwenye mgahawa mmoja kando ya barabara kuu, limekaa karibu na jiko la chipsi kama lililozaliwa pale. Yule mweusi hakuonekana kabisa. Paka bibi alikuwa amelala ndani, mguu umefungwa. Kwa hiyo stoo ya mchele ilibaki bila mlinzi, na panya hawakuchelewa kupata habari. Huo ndio msimu mchele mpya unapoingia kutoka Usangu, magunia yamejaa. Nikitoka kwenda shule nilimwona jirani amekaa kwenye kigoda mlangoni, sindano ya magunia mkononi, anashona matundu. Siku nyingine alikuwa anafagia mchele uliomwagika, anaupepeta, anatoa uchafu wa panya. Niliomba nimsaidie. Alishukuru, akasema anakaribia kumaliza.

Wiki ya pili mume wangu alizungumza. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana. Alisema mbwa wa shamba arudi shamba, na kwamba yeye mwenyewe atamtafutia lori. Sikubishana naye, maana nilikuwa nimefikia hapohapo. Nilimpigia kaka, akasema sawa, atajenga banda mbali kidogo na nyumba ili mke wake asiogope. Jumapili baada ya ibada tulikwenda mimi na mume wangu kwa jirani, kumpa pole rasmi na kumwambia kwamba mbwa anaondoka.

Alitukaribisha dukani, akatupa vigoda katikati ya magunia, akatuletea chai ya maziwa. Paka bibi alikuwa juu ya gunia lililokunjwa, akatukazia macho. Niliongea muda mrefu. Nilisema makosa yote ni yangu, kwamba nilimleta mnyama nisiyemjua mahali palipokuwa na amani, na kwamba ndani ya wiki hiyo atakuwa amerudi Iringa. Mume wangu aliongeza pole yake kwa maneno matatu, ambayo kwake ni hotuba.

Jirani alichota mchele kwenye gunia lililokuwa wazi, akaugeuzageuza kiganjani. Kisha akauliza, "Ukimrudisha, anarudi kwa nani?"

Nilitaka kusema kwa kaka, lakini wote tulielewa anauliza nini.

Ndipo akatusimulia. Alipokuwa binti kule Usangu alichunga ndama pamoja na kaka zake, na mluzi alijifunza hukohuko, pamoja na ule wa kushuka wa kuwazuia mbwa, hakuna aliyejali kwamba ni msichana kwa sababu ndama hawajali. Boma lao lilikuwa na mbwa wanne, mbuzi, kuku, na paka waliolala ndani ya kibanda cha maziwa, wote katika uwanja mmoja. Baba yake alikuwa na sheria: mbwa asipigwe kwa jambo ambalo hajafundishwa. Mbwa mgeni akifika, kwanza alifundishwa nani ni wa nyumbani. Jirani alisema siku ile ya Jumamosi, alipoona mbwa wangu ameachia kwa mluzi mmoja, alijua papo hapo kwamba huyu si mbwa mbaya, ni mbwa aliyelelewa na mtu. Na kwa wiki mbili alikuwa kimya kwa sababu alikuwa na hasira, akaogopa kwamba akifungua mdomo atamwambia mfiwa neno ambalo hataweza kulirudisha.

"Huyo anafanya kazi aliyopewa na marehemu," alisema. "Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ile imekwisha."

Nikamuuliza nani atamwambia.

"Tutamwambia," alisema, akarudisha mchele kwenye gunia.

Nimefundisha Kiswahili darasani kwa miaka mingi, na siku zote nimewaambia watoto kwamba kiambishi kidogo hubeba maana kubwa. Ile "tu" ya jirani yangu, katika neno lile moja, ndiyo mfano bora niliowahi kuusikia.

Tulianza kesho yake. Kitu cha kwanza kilikuwa mluzi. Tulikaa uani kwake baada ya mimi kutoka shule, akanionyesha namna ya kukunja ulimi na kuubana kwa vidole. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwalimu wa zamu, nilipuliza mate mpaka kwenye magoti yangu. Siku ya nne jirani alicheka, akacheka mpaka akashika nguzo, na niliposikia kicheko kile nilijua kwamba tumepona sisi wawili, hata kama wanyama bado.

Kisha alichukua kipande cha gunia alicholalia paka bibi, akaniambia nikiweke kwenye malazi ya mbwa, na cha mbwa tukakipeleka kwa paka. Paka aliondoka kwenye gunia lile akalala sakafuni siku mbili, akatununia. Mbwa alinusa chake, akakizunguka, akakilalia. Baadaye tukaanza kuwalisha kwa wakati mmoja, yeye akiwa upande wake wa michongoma na paka, mimi upande wangu na mbwa amefungwa kamba, mbali kwanza, halafu kila siku chache tunasogea hatua moja. Mbwa akimkazia macho paka, jirani anapiga mluzi wa kushuka. Akigeuza kichwa, mimi nampa kipande cha utumbo. Mwanzoni aligeuza kichwa mara moja katika kumi. Tuliendelea.

Jirani alisema pia mbwa aliyezoea kuzunguka shamba zima hawezi kukaa kwenye uwanja wa hatua ishirini akawa na akili. Kwa hiyo nilianza kuamka mapema kutembea naye, nimemfunga kamba, kwenye njia ya vumbi, Mlima Loleza uko mbele yetu umejifunika blanketi la mawingu. Watu waliokuwa wakienda vibaruani walishangaa kumwona mwalimu anatembezwa na mbwa. Baadaye walizoea, wakaanza kumsalimia na yeye. Miguu yangu iliyokuwa ikivimba iliacha kuvimba. Hilo sikulitarajia, nalo naliweka kwenye shukrani.

Na mume wangu, ambaye alikuwa ametoa hukumu yake mezani, alirudi Alhamisi moja kutoka Mbalizi na mbao begani. Hakumwambia mtu. Alikwenda kwa jirani, akatengeneza rafu nyembamba inayozunguka ukuta wa stoo kwa juu, akatoboa kidirisha kidogo cha paka karibu na dari, na ngazi ya vijiti kwa ajili ya yule mwenye mguu mbovu. Alipomaliza alikunywa chai akarudi nyumbani. Nilipomuuliza kuhusu lori la kumpeleka mbwa Iringa, alisema madereva hawapatikani siku hizi. Madereva wanapita mbele ya karakana yake kila siku.

Ilichukua zaidi ya miezi miwili. Sitaki mtu adhani ilikuwa rahisi. Kuna siku mbwa alikata kamba akaruka michongoma, akapigiwa mluzi, akarudi akiwa ameinamisha mkia, na tulilazimika kuanza upya karibu kila kitu. Siku hiyo nilitaka kuacha. Jirani aliniuliza kama mtoto akikosea hesabu huwa namfukuza shule.

Siku iliyotuonyesha kwamba tumefika ilikuwa ya kawaida tu. Nilikuwa uani nachambua maharage, mbwa amelala kwenye jua, kamba imelegea kwa sababu nilisahau kuifunga. Paka bibi alitokea kwenye kona ya nyumba, akichechemea, akavuka uwanja polepole kama mtu aliye kwake. Mbwa alinyanyuka. Niliweka vidole mdomoni, na kwa hofu niliyokuwa nayo hakuna kilichotoka isipokuwa pumzi na mate. Nikapuliza tena, pumzi tupu. Mbwa alimtazama paka. Alinitazama mimi. Kisha akajizungusha mara moja, akalala tena, akageukia ukutani, kama mtu anayejizuia kwa nguvu asione jambo. Paka alifika kwenye beseni, akanywa maji, akaondoka kwa njia aliyojia.

Nilibaki nimekaa na ungo wa maharage mapajani. Jirani alikuwa amesimama upande wake. Alikuwa ameona yote, na hakupiga mluzi. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema alitaka tujue kama mbwa anaweza kujizuia mwenyewe.

Hawakupendana, mbwa na paka wale. Nimesikia watu wakisimulia mbwa na paka wanaolala wamekumbatiana. Wa kwetu hawakufika huko. Walizoeana. Dume la rangi ya chungwa lilirudi lilipochoka na chipsi, likachukua kazi ya stoo, na bibi akawa anakaa kwenye rafu ya mume wangu akilisimamia. Yule mdogo mweusi hakurudi. Nilimtafuta, niliuliza nyumba nyingi, nikaenda hata sokoni. Labda alipata mahali, labda hakupata. Huyo nimekubali kwamba ni wangu wa kumjibia, na jirani hajawahi kunikumbusha hata mara moja.

Mwaka ulipotimia tulikwenda Iringa kujengea kaburi. Sikumwalika jirani, niliona ni mbali na ana duka. Yeye alikuja kuniuliza tunaondoka saa ngapi. Alifunga duka siku tatu, akapika na wanawake wa ukoo wetu kana kwamba alizaliwa pale, akawaambia "kamwene" wazee wote mpaka wakaanza kumjibu Kihehe kirefu ambacho hakukielewa hata kidogo. Mchana wa mwisho aliomba nimwonyeshe shamba. Tulitembea kwenye mabua mpaka mpakani, kule mbwa alikokuwa akifukuzia tumbili. Alisimama pale, akasema baba yangu alikuwa na shamba zuri. Nilimwambia asante. Nilitaka kumwambia asante ya mambo mengine pia, nikashindwa kujua nianzie wapi, naye akanishika mkono tukarudi.

Siku hizi mbwa anakwenda Mbalizi na mume wangu mara kwa mara, analala kwenye maranda ya mbao, na wateja wanadhani amefugwa pale tangu udogo. Msimu wa mavuno uliopita jirani alikwenda Usangu wiki mbili kununua mchele na kuwaona ndugu zake, na kabla ya kupanda gari alinipa ufunguo wa stoo. Alinieleza dagaa wapo wapi, kwamba bibi hali dagaa wakavu mpaka walowekwe, na kwamba yule dume asiaminiwe akilia, ameshakula. Kila jioni alipiga simu. Aliuliza kwanza habari za paka, halafu za mbwa, halafu za magunia, na mwisho, kama salio lilikuwa bado lipo, akauliza za kwangu. Nilimjibu kwa mpangilio huohuo, nimesimama mlangoni pa stoo, paka wawili wananitazama kutoka juu, kwamba sote tu wazima.